Multimita, vipimo 512 na maziwa ya Mukurwe-ini

Kila ninapopanda matatu na multimita yangu lazima mtu aulize kama nimebeba redio ya zamani. Ni kisanduku cha karibu kilo nne, kina mkono wa kubebea na kioo cha tarakimu zinazong'aa. Huwa najibu kwamba ni chombo cha kupima stima, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini wasomaji wangu, ninyi ni watu wa kuchokonoa mambo, kwa hivyo leo nitawaeleza kwa nini mtu wa kuandika programu anahangaika na chombo kama hiki. Habari yenyewe ina maziwa ndani yake, na ina kijana mmoja aliyekuwa amebakisha siku tatu kufutwa kazi. Kaeni vizuri, leo nitaongea sana.

Kwanza chombo. Ni multimita ya mezani aina ya 34401A. Hewlett-Packard waliitoa mwaka wa 1991. Mwaka wa 1999 upande wao wa vyombo vya kupimia ukajitenga ukaitwa Agilent, na mwaka wa 2014 ukawa Keysight, kwa hivyo ukikuta majina matatu tofauti kwenye kisanduku kile kile usidhani umeuziwa feki. Yangu ni mtumba, niliinunua Nairobi maabara moja ilipokuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani.

Kilichonivutia ni kumbukumbu. Chombo hiki kinaweza kuhifadhi vipimo 512, basi. Mtu wa programu ataitambua namba hiyo mara moja, ni mbili kipeo cha tisa. Ukipima mara moja kila sekunde, kumbukumbu inajaa kwa dakika nane na nusu. Ukikiambia kingoje sekunde 60 kabla ya kila kipimo, vipimo hivyo 512 vinakula zaidi ya saa nane, yaani ukianza saa kumi na moja jioni unamaliza usiku wa manane umeshapita. Mimi nakiagiza kutoka kwa kipakatalishi kupitia waya wa RS-232, kwa programu fupi ya Python. Maagizo yenyewe ni haya:

SYST:REM
CONF:VOLT:AC 750
DET:BAND 20
TRIG:DEL 60
SAMP:COUN 512
INIT

Mstari wa pili unachagua upeo wa volti 750 za mkondo geu. Wa tatu unakiambia chombo kwamba mawimbi hayatakuwa ya chini ya hezi 20, na stima yetu ni hezi 50, kwa hivyo hapo tuko salama. Mingine inajieleza. Asubuhi unaandika FETC? na vipimo vyote vinamwagika kwenye kioo chako kama mahindi kutoka gunia. Chombo hakiandiki saa ya kipimo, kwa hivyo programu yangu inaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kisha inagawanya.

Chombo chenyewe kinajua hesabu kidogo. Kinaweza kukupa kipimo cha chini kabisa, cha juu kabisa, wastani na idadi. Kinaweza pia kufanya jaribio la mipaka: unakiwekea mpaka wa chini na wa juu, nacho kinakuandikia OK, LO au HI, na kinalia pale kipimo kinapotoka nje ya mipaka. Ubaya ni kwamba hesabu hizi zinafanyika moja kwa wakati. Ukiwasha jaribio la mipaka, takwimu zinazimika. Mkengeuko sanifu, ile namba inayokuonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani, haumo kabisa. Multimita za baadaye kama 34461A zinakuchorea hata histogramu kwenye kioo chao. Mimi sina 34461A. Nahifadhi vipimo vibichi na kufanya hesabu zote kwenye kipakatalishi, na mtaona jambo hilo lilitusaidia vipi.

Sasa maziwa. Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha wafugaji upande wa Mukurwe-ini, kusini mwa Nyeri mjini. Ni watu wa ng'ombe wawili, watatu. Maziwa ya jioni yanaletwa kwa miguu, kwa bodaboda na kwa mikokoteni, yanamiminwa kwenye tangi la kupoza, na usiku yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Alfajiri lori linakuja. Kabla ya kuyachukua, mtu wa lori anachanganya maziwa kidogo na alkoholi. Yakiganda, hayachukui, na jasho la wanachama wote linakwenda kwa nguruwe.

Mwezi wa Juni maziwa yaligandia mtihani huo mara mbili. Kabla ya hapo, katika muda usiozidi mwaka mmoja, kompresa mbili zilikuwa zimeungua, na ya tatu ilianza kulalamika. Kamati ilikuwa na maelezo mawili. La kwanza lilikuwa mlinzi wa usiku: kwamba analala, au anazima mashine ili achaji simu za watu kwa malipo. Walikuwa wameshamkata nusu ya mshahara, na barua ya kumfuta ilikuwa kwenye ajenda ya mkutano wa Jumamosi. La pili lilikuwa kampuni ya stima, na dawa yake iliyopendekezwa ilikuwa kukopa pesa wanunue kiimarisha-volti kikubwa. Shangazi alinipigia simu Jumanne usiku. "Wewe si unasema unajua mambo ya tarakilishi? Njoo uangalie hii, kabla hatujakopa pesa za watu."

Nilifika Jumatano mchana, ukungu wa Julai bado uko chini hujaondoka. Wa kwanza kuongea naye alikuwa mlinzi mwenyewe. Alinieleza kwa mdomo na kwa mikono: mashine inalia mmmm, halafu inasema ta, inanyamaza. Ikikaa kidogo inajaribu tena. Nikamuuliza kama aliwahi kuiambia kamati. Akasema aliwaambia, wakamwambia aache hadithi.

Kabla ya kupima chochote niliandika mipaka kwenye karatasi, na shangazi akaweka sahihi chini yake. Hili ni jambo ambalo watu wa programu tunalijua kutokana na majaribio ya programu zetu: ukichagua mpaka baada ya kuona majibu, utachagua ule unaokupendeza. Volti zetu za kawaida nchini ni 240, urithi wa Waingereza. Wao wenyewe waliruhusu 6% juu na 6% chini ya 240 hadi mwisho wa 1994, kisha Januari 1995 wakahamia 230 yenye 10% juu na 6% chini. Nilichukua ile 6% ya zamani kwa kuwa sisi tulibaki na 240: mpaka wa chini volti 225.6, wa juu 254.4.

Na chombo chenyewe kinakosea kiasi gani? Ndani ya mwaka mmoja baada ya kurekebishwa, kiwanda kinaahidi kosa lisilozidi 0.06% ya kipimo pamoja na 0.03% ya upeo. Kwa volti 240 kwenye upeo wa 750 hiyo ni chini ya volti 0.4. Multimita nyingi za mkononi za bei ya chini hukosea kama 1%, yaani zaidi ya volti 2, na ukiweka mpaka wa 225.6 kwa chombo cha namna hiyo, desimali yako ni pambo tu. Sisemi usizitumie, mimi mwenyewe ninayo moja na mtaiona hapa chini.

Kuna mtego mwingine. Multimita hii inakula stima ya ukutani, na stima ikikatika vipimo vyote vinafutika. Kwa hivyo unapima stima kwa chombo kinachoitegemea stima ile ile. Nilikuja na UPS ndogo kwa kazi hiyo. Na tafadhali ndugu msomaji, volti 240 haziulizi kama umesoma. Nyaya za kupimia ziwe nzima, zenye plagi zilizofunikwa, na kama hujawahi kufungua kisanduku cha stima, mwite fundi akuunganishie. Mimi nilimwita.

Basi Jumatano jioni saa kumi na moja tuliunganisha multimita kwenye ncha za stima pale pale kwenye tangi. Nilimpa mlinzi daftari la mazoezi la kurasa 32 na kalamu, nikamwomba aandike saa kila mashine inapowaka, kila inapozima, na kila inapokataa. Sikumwambia chombo kinarekodi nini.

Alhamisi asubuhi nikavuta vipimo. Wastani: volti 231.8. Cha juu kabisa 246.1, cha chini kabisa 211.2. Mkengeuko sanifu volti 9.6. Ukiangalia wastani peke yake hakuna ugonjwa, 231.8 iko ndani ya mipaka vizuri kabisa. Jaribio la mipaka likasema mengine: kati ya vipimo 512, OK ni 369, HI hakuna hata kimoja, LO ni 143. Zaidi ya robo. Na kati ya hizo LO 143, 131 zilikuwa baina ya saa kumi na mbili unusu na saa tatu unusu usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, runinga, pasi na zile shawa za maji moto.

Mzee mwenyekiti alipoona mchoro alipiga meza. "Si nilisema!" Kwake kesi ilikuwa imekwisha: ni kampuni ya stima, saa za jioni, andikeni barua na tukope pesa za kiimarisha-volti. Na kusema kweli jaribio la mipaka lilikuwa upande wake. Kama chombo changu kingekuwa kinahifadhi OK na LO tu, bila namba zenyewe, mimi pia ningesaini hiyo barua.

Lakini namba zilikuwepo. Nilichukua vipimo vya baada ya saa nne usiku peke yake, wakati kijiji kimelala na karibu kila kipimo kinasema OK, nikavichorea histogramu. Vikatokea vilima viwili. Kimoja kimesimama kwenye 240, kingine kwenye 226, na katikati bonde tupu. Nikavipanga kwa saa: 240.3, kisha dakika inayofuata 226.1, vinabaki hapo dakika kumi na kitu, kisha 240 tena. Stima ya kijiji kizima hairuki namna hiyo. Kijiji hupanda na kushuka polepole, kama watu wanavyoingia na kutoka kanisani. Kinachoruka hivi ni kitu kimoja kinachowashwa na kuzimwa.

Nikafungua daftari la mlinzi. Mwandiko wake ni mkubwa na wa taratibu. Alikuwa ameandika mistari 23, ya mwisho ikiwa saa saba na dakika 31 usiku, dakika chache kabla kumbukumbu haijajaa. Nikaweka daftari upande mmoja na vipimo upande wa pili, shangazi anasoma, mimi natafuta. Pale alipoandika mashine imewaka saa nne na dakika 14, volti zinaanguka saa nne na dakika 14 au 15. Pale alipoandika imezima, zinapanda. Mstari baada ya mstari hadi mwisho. Mtu aliyelala hawezi kuandika daftari la namna hiyo, na mtu anayezima mashine achaji simu hawezi kujua kwamba kisanduku kile kinamwona. Shangazi hakusema kitu. Aliomba tu daftari, akaliweka kwenye mkoba wake pamoja na kitabu cha hazina.

Kuna jambo moja ambalo daftari lilijua na multimita haikujua. Mara nne kijana aliandika "imekataa". Nilitafuta hizo mara nne kwenye vipimo na sikupata hata moja. Sababu ni rahisi. Kompresa ikikwama inavuta mkondo mkubwa kwa sekunde chache, halafu kinga yake ya joto inaikata: hiyo ndiyo ile "ta". Mimi nilikuwa napima mara moja kwa dakika. Ni kama kupiga picha ya barabara ya Karatina kila saa na kutumaini utapata ajali. Kwa hivyo ile 211.2 niliyoiita cha chini kabisa ni cha chini kabisa kati ya vilivyopimwa, si cha chini kabisa kilichotokea. Ukisoma takwimu zozote za chombo chenye kumbukumbu, jiulize kwanza vipimo vimeachana muda gani.

Hapo ndipo jaribio la mipaka la chombo chenyewe lilipopata kazi yake. Alhamisi jioni niliacha kuhifadhi, nikaweka upimaji wa mara moja kwa sekunde, mpaka wa chini nikaushusha hadi volti 200, nikawasha mlio. Tukakaa, mlinzi na mimi, na chupa ya chai. Saa moja na robo mashine ikawaka vizuri, kimya. Ikazima. Saa mbili kasorobo ikalia mmmm, multimita ikapiga mlio, kioo kikaandika LO, nikabonyeza kuona namba: 181. Kisha ta. Kijana akanitazama tu, kama mtu anayesema umeona sasa.

Ijumaa jioni tulihamisha chombo hadi kisanduku kikuu, pale mita ya kampuni ya stima ilipo, kando ya ofisi. Vipimo vingine 512, saa zile zile. Wastani 236.9, mkengeuko sanifu 5.4, cha chini kabisa 224.8. LO tatu tu, zote saa mbili za usiku, na zote zimevuka mpaka kwa chini ya volti moja. Tatu dhidi ya 143.

Mtu makini atasema, lakini hizo ni siku mbili tofauti, pengine Ijumaa stima ilikuwa nzuri. Ni kweli, na ndiyo sababu Jumamosi asubuhi nilitoa ile multimita yangu ya mkononi. Kwanza nilizichomeka zote mbili kwenye soketi moja: ya mkononi ilisoma volti 1.7 juu ya ile kubwa, nikaiandika tofauti hiyo. Kisha shangazi akasimama kwenye kisanduku kikuu na ya mkononi, mimi kwenye tangi na ile kubwa, simu masikioni. Mashine ikiwa imezima, ukitoa ile 1.7, tulisoma namba moja pande zote mbili. Mashine ilipowaka, upande wake ilishuka kidogo tu. Upande wangu ilianguka na tukaachana kwa volti 14.

Zile volti 14 zilikuwa zinapotelea kati yake na mimi, na kati yake na mimi hakukuwa na kampuni yoyote, kulikuwa na waya wa kikundi chenyewe.

Nikaupima kwa hatua: mita 80. Hapo zamani tangi lilikuwa kando ya ofisi. Lilipohamishiwa chini karibu na barabara ili lori lisihangaike na matope, fundi wa wakati huo aliendeleza ule ule waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Simlaumu sana. Kibandiko cha mashine kinasema ampea 12, na waya wa 2.5 unabeba ampea 12 bila kupata joto. Ukiugusa ni baridi. Shida yake ni urefu. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa omu 7.41 kwa kilomita. Stima inakwenda na kurudi, kwa hivyo ni mita 160, yaani omu 1.19. Zidisha kwa ampea 12: volti 14.3. Vilima vyangu viwili vilikuwa vimeachana kwa 14. Nilikaa kwenye kreti nikaangalia hizo namba mbili kwa muda, nakiri zilinifurahisha kuliko ilivyostahili.

Volti 14 ni karibu 6% ya 240, wakati kanuni za Kiingereza za BS 7671 hupendekeza zisipotee zaidi ya 5% kwa mashine. Utasema imezidi kidogo tu, itaua kompresa vipi? Angalia wakati wa kuwaka. Kibandiko kinasema mashine ikiwa imekwama inavuta ampea 60, yaani kwa wakati huo ni kama ukinzani wa omu 4. Waya unachukua sehemu yake ya volti, mota inapata iliyobaki. Jioni, ikiwa kisanduku kikuu kina volti 230, hesabu ya juu juu inaipa mota 177. Tulipima 181. Na nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: 177 gawanya kwa 240, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.54. Mota inaombwa isukume gesi yenye shinikizo ikiwa na nusu ya nguvu zake. Inalia mmmm. Inapata joto. Ta. Usiku kucha hivyo, miezi kadhaa, hadi nyaya zake za ndani zinaungua.

Kwa hivyo saa za jioni zilikuwa na hatia kidogo, ila kidogo tu. Stima ya jioni ilishuka ikiwa ndani ya mipaka, waya ukaimalizia. Usiku wa manane waya ulikuwa na ugonjwa ule ule, lakini kilima cha chini kilisimama kwenye 226, juu ya mpaka kwa chini ya nusu volti, na jaribio la mipaka likakiita OK. Mpaka haujui ugonjwa, unajua mstari tu. Nimeona hili hata kwenye seva ninazozitunza: tahadhari inalia pale mzigo unapovuka kiwango, wote wanakimbilia saa hiyo, na hakuna anayeangalia kwamba kitu kile kile kinatokea mchana kutwa chini kidogo ya mstari. Na kiimarisha-volti wangekifunga wapi? Pendekezo lilikuwa kando ya mita, kwa kuwa ofisini kuna kufuli. Kingeimarisha volti vizuri kabisa, kisha kingezituma kwenye waya wa mita 80.

Mkutano wa Jumamosi ulianza saa nane mchana na mimi nilipewa dakika kumi. Nilionyesha vile vilima viwili kwenye kipakatalishi, watu wakipokezana. Mama mmoja wa makamo aliuliza swali zuri kuliko yote: kama waya ndio mbaya, mbona maziwa hayakuharibika kila siku? Nikamwambia maziwa yanaharibika siku mashine inapokataa mara nyingi mfululizo, na hilo hutokea zaidi jioni maziwa yakiwa mengi na moto. Akasema sawa, hata jiko la kuni lenye moshi hupika siku nyingine. Shangazi hakuningoja nimalize. Alitoa daftari la mlinzi, akasoma mistari yote 23 kwa sauti, na baada ya kila mmoja akanitaka mimi niseme volti zilisomaje dakika hiyo. Ilichukua zaidi ya dakika zangu kumi. Mwenyekiti alitazama dirishani muda wote. Barua ya kumfuta kijana haikujadiliwa.

Mkopo haukuchukuliwa. Mwishoni mwa Julai walinunua waya wa milimita za mraba 16, wenye omu 1.15 kwa kilomita, wakauzika kwenye bomba. Kwa hesabu, volti zinazopotea mashine ikizunguka zinapaswa kuwa 2.2 badala ya 14.3, na mota ikianza jioni inapata kama 220 badala ya 177. Nilirudi mwezi wa Agosti na kisanduku changu. Vipimo 512 kwenye tangi, saa zile zile: LO nne, na vilima viwili bado vipo ukivitafuta, vimeachana kwa volti 2.4.

Kijana bado anaandika daftari, sasa liko la pili. Nilipekua kurasa zote tangu waya ubadilishwe na neno "imekataa" halimo. Nusu ya mshahara aliyokatwa kamati ilikubali kuirudisha kwa awamu mbili. Ya kwanza ilimfikia mwisho wa Agosti. Ya pili, shangazi anasema, iko kwenye kitabu.